Niliyasugua Meno ya Baba Mkwe

Jina langu sitoi, msinilazimishe. Nimekosa, tena nimekosa kwa mikono yangu miwili, kwa kiburi, nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna aliyenituma. Shetani mwacheni apumzike, hii hakuhusika!

Mimi ni mtu wa kalamu za wino. Si biki, jamani! Nasema kalamu yenye ncha ya chuma na tumbo la wino, ile unayoijaza mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ninazo kwenye sanduku lenye kitambaa ndani, kila moja na mahali pake pa kulala. Ninayo pia saa inayopima mapigo ya moyo, na taa ya mezani inayojiwasha kiza kikiingia. Lakini kalamu ndizo zilizonivimbisha kichwa.

Niwaambie ukweli, niliwadharau watu. Hapa mjini Bujumbura, mtu akiingia ofisini kwetu na biki iliyotafunwa kifuniko, nilimwona mbuzi. Mbuzi kabisa! Akiniomba kalamu asaini, nilimpa biki ya droo ya chini, niliyowawekea watu wa aina yake. Kalamu yangu haishikwi na mkono uliotoka kula ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nilisema hivyo kwa sauti, nikacheka peke yangu.

Basi Mungu akanipa mchumba, Claudine, binti wa mtaa wa Nyakabiga. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alifariki Claudine akiwa bado sekondari. Alichomwachia ni kalamu moja ya wino, nyeusi, ya zamani, iliyokauka. Nilipoiona mara ya kwanza moyo ulinidunda. Halafu nikaigeuza, nikaona kitako chake, nikakunja pua. Ilikuwa imetafunwa!

"Marehemu alikuwa anasahihisha kayee, madaftari ya watoto, anauma kalamu," mama yake alinieleza huku akicheka. "Mutoto akiandika mubaya, anauma. Akiandika muzuri, anauma pia!"

Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni nikasema, mwalimu huyu alikuwa mshenzi. Kalamu kama ile!

Tukapanga ndoa. Kwetu mnaanzia komine, ofisi ya serikali ya mtaa: mnashika bendera, mnaapa, mnasaini. Kanisa na sherehe ni baadaye, na hapo ndipo bibi harusi anahamia kwa mumewe. Siku zilipokaribia, Claudine aliniletea ile kalamu ikiwa imefungwa kwenye leso.

"Sheri wangu, mi nataka kusaini na kalamu ya papa," alisema. "Yeye hayuko wa kunisindikiza, basi kalamu yake inisindikize. Weka wino tu."

"Usijali. Nitaifanya iwe kama mpya."

"Apana, si kama mupya. Wino tu."

Nilisikia. Naapa nilisikia! Lakini mtaalamu nilikuwa mimi, na yeye alikuwa mtu wa biki tu.

Nyumbani kwangu Gasenyi niliifungua, nikaiosha mpaka maji yakatoka safi, nikaijaza wino. Ikaandika siku hiyo hiyo, vizuri ajabu. Kazi ilikuwa imekwisha pale! Ningeirudisha kwenye leso yake, leo ningekuwa na mke ndani ya nyumba.

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikatazama kitako. Matundu mawili, nafasi, halafu tundu moja. "Panya mwenye pengo," nikasema, nikacheka tena. Nikatoa msasa laini. Nikasugua Jumamosi nzima, nikamalizia kwa dawa ya meno kama tufanyavyo sisi wapenda kalamu, mpaka nikajiona uso.

Nikapiga picha, kabla na baada, nikazitupa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Makofi! Mioyo! Mmoja akaandika kwamba nimeokoa urithi wa familia. Wapumbavu wale, na mimi mfalme wao.

Siku ya komine ikafika. Claudine alivaa imvutano, vazi letu la sherehe, ya rangi ya dhahabu, mama yake na wajomba zake wakiwa nyuma yetu. Tukashika bendera, tukaapa. Ofisa akafungua kitabu cha kusaini. Nikaitoa kalamu mfukoni polepole ili kila mtu aione.

Claudine akaipokea, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye kitako. Kikapapasa. Kikarudi, kikapapasa tena.

"Iyi si kalamu ya papa."

"Ni yenyewe. Nimeisafisha."

"Na meno?"

"Meno gani? Yale matundu? Ulikuwa uchafu, Claudine! Nimeyatoa, tazama inavyong'aa!"

"Yampayinka!" mama yake akamaka kwa Kirundi, na akakaa kwenye benchi ghafla.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimechelewa. Msichana yule alikuwa akipapasa pale tangu baba yake alipozikwa. Picha ni karatasi na kaburi ni udongo, lakini pale palikuwa na kinywa cha baba yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekisugua kwa msasa.

Hakulia. Aliiweka kalamu mezani, akamgeukia ofisa. "Misye, niazime biki yako."

Biki yenyewe ilikuwa imefungwa kamba kwenye mguu wa meza, na kitako chake, msinicheke, kimetafunwa! Akasaini nayo. Na mimi nikasaini nayo, huku wajomba wakinitazama.

Nje aliniambia kanisa lingoje, akaingia kwenye teksi na mama yake, wakarudi Nyakabiga. Mpaka leo yuko huko. Mimi ni mume wa makaratasi.

Sasa sikilizeni kosa la pili, maana ndilo linaloniaibisha zaidi. Mtu mwenye akili angekwenda kupiga magoti. Mimi nilikaa nikafikiri kama fundi wa simu: kilichotolewa kinaweza kurudishwa. Nikaiosha kalamu, nikaitia kinywani, nikauma. Mimi! Niliyewaita wenzangu mbuzi! Nikauma mpaka taya likaniwaka moto, nikachungulia kwa kioo, nikaridhika.

Jumapili baada ya misa nikaenda Nyakabiga. Nilimkuta Claudine uani akichambua lengalenga. Nikampa kalamu.

"Alama hazikupotea," nikamwambia. "Zilikuwa zimefichika tu. Nimezirudisha."

Uongo huo ulinitoka bila hata kukwama. Kidole gumba chake kikaenda kwenye kitako, kikatembea tundu kwa tundu. Uso wake ukalegea kidogo, na mimi nikavuta pumzi. Nikadhani nimepona!

Kidole kikasimama.

"Papa alikuwa na pengo apa mbele," akasema, akagusa jino lake mwenyewe. "Tangu mi nikiwa mutoto. We ulikaa na kalamu yake nyumbani kwako, aukuona?"

Niliona. Hilo ndilo linaloniua! Niliona kwa kioo cha kukuzia, nafasi ile niliiona wazi, nikaicheka.

"Iyi ni meno yako," akasema, akanirudishia kalamu, akaendelea na mboga zake.

Bado naenda kila Jumapili. Mama yake ananipa kiti na Fanta. Claudine anatoka, ananiuliza habari za kazi, anarudi ndani. Ananisalimia kwa heshima zote, kama anavyowasalimia wageni wa mama yake, na heshima hiyo inanichoma kuliko tusi.

Kile kikundi cha wajinga nimejitoa. Juzi mtu ofisini aliniomba kalamu, nikampa yangu nzuri. Akaitia mdomoni huku akifikiri, nami nikamwacha aitafune.

Nyinyi mnaopenda vitu vinavyong'aa, mnaokunja pua mkiona simu iliyopasuka kioo au kikombe kisicho na mkono, nawaomba sana: kabla hujasugua kitu cha mtu, muulize uchafu huo ni wa nani. Na akikwambia wino tu, weka wino tu, ndugu yangu, umrudishie kalamu yake na meno ya baba yake.