Kengele ya Bibi Ingegerd

Norbert wa Rissne, kitongoji cha Stockholm, alikuwa mtu wa kusifiwa kanisani. Alikuja Uswidi mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, akafagia ofisi za watu huku akisoma, mwishowe akawa mwandishi wa programu za kompyuta. Alijivuna kwamba hajawahi kulala na kosa la kazi yake. Kumbe kosa hulala na mtu bila yeye kujua.

Programu yake ya kengele ilitumika katika nyumba moja ya wazee huko Tumba. Mzee akibonyeza kitufe anachovaa mkononi, kompyuta ya zamu hulia. Jioni moja Bibi Ingegerd alianguka bafuni, kompyuta isilie. Alipopatikana, alikuwa ameshakata roho. Mwenye zamu alikuwa Séraphine, mwimbaji mwenzake Norbert katika kwaya ya kanisa.

"Dirisha la programu kwenye kompyuta ulilifunga?" Norbert alimwuliza.

"Nililifunga, kaka. Mgeni aliingia, na magonjwa ya wazee yako wazi pale! Siri ya mgonjwa utaianika kama shuka? Lakini ile alama ya kijani ilibaki pembeni. Nikajua programu iko macho."

Norbert alirudi ofisini akajaribu. Alibonyeza alama ya X, dirisha likatoweka, alama ya kijani ikabaki. Akapiga kengele. Kimya. Akapekua msimbo, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta, mpaka akaliona kosa: pale alipopaswa kuiamuru kompyuta ilifiche dirisha, aliiamuru ilivunje; na sehemu ya kupokea kengele aliijenga ndani ya dirisha hilohilo. Dirisha lilipokufa, sikio lilikufa nalo. Alama ya kijani ikaendelea kudanganya.

"Andika kwenye ripoti kwamba mhudumu aliifunga programu," alisema Filip, mkuu wake. "Si kweli?"

"Ni nusu ya kweli."

"Nusu inatosha. Yeye atapata kazi kwingine. Tukimpoteza mteja huyu, wewe ndiwe wa kwanza kutoka."

Nusu ya kweli ni uongo uliovaa nguo za ibada. Katika kikao na wakuu wa nyumba ile, Norbert alilifunga dirisha mbele ya macho yao, akapiga kengele, akawaacha wausikilize ukimya. Séraphine akasafishwa jina. Norbert akafukuzwa.

Séraphine alimngoja kwenye stesheni ya Tumba.

"Mungu akubariki, kaka. Walikuwa wananiita muuaji kwa macho." Akamshika mkono. "Sasa niambie. Bibi alikufa palepale, si ndiyo? Hakuteseka?"

Norbert alijua. Kitufe cha Bibi chenyewe kilikuwa kimehifadhi kila mbonyezo. Alitamani kunyamaza, lakini angewezaje kumpa dada yake ile nusu aliyomkatalia Filip?

"Aliita, dada."

"Mara moja?"

"Aliita mpaka nguvu zikamwisha."

Treni iliingia, milango ikafunguka. Séraphine hakupanda.