Mkono Ukigonga, Achia

Kuna Jumamosi moja, Mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka kiganja changu cha kulia kinaanza kutoka jasho. Na usicheke kwamba nakuita Mwanangu. Najua tumepishana miaka mitatu tu, na mama yako na mama yangu wamenyonya ziwa moja. Lakini wewe ndiyo kwanza unashuka kutoka Bwera na sanduku lako la bati kuja kusoma Kasese, na mimi niko kidato cha tatu. Aliyetangulia kuanguka ndiye ajuaye shimo liko wapi. Tena kidevuni nina ndevu nne, na katika shule yetu huo ni uzee kamili.

Nimeambiwa unauliza watu klabu ipi ya judo ni nzuri hapa mjini. Swali hilo mimi nililiuliza vibaya, mwaka wa sabini na tatu, nilipofika na rafiki yangu Thembo, mtoto wa Katwe. Ulikuwa wakati ule ambapo sinema za Wachina wanaoruka juu ya mapaa zilikuwa zimetupanda kichwani, na kila mvulana aliyekuwa na miguu miwili aliamini mmoja ni wa kutembelea na wa pili ni wa kupiga watu.

Klabu zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliyoiona ilikuwa nyuma ya soko, ndani ya stoo ya kahawa. Mwalimu wake alikuwa Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, ambaye alifundishwa judo na mapadri alipokuwa mwanafunzi huko kwao. Zulia lake lilikuwa magunia yaliyojazwa makapi ya kahawa na kushonwa pamoja. Wanafunzi wake walikuwa fundi cherehani mmoja mnene, binti wa polisi, na wazee wawili ambao mimi niliwaona kama wamepotea njia ya kwenda hospitali.

Papa Kasereka alitutazama, akasema, "Batoto, hapa mutu anaanza na kuanguka. Mwezi muzima. Kisha tutaona kama iko kitu ya kuongeza."

Nikamjibu kwamba kuanguka tunakujua tangu tulipojifunza kutembea. Watu wote wakacheka, yeye pia. Thembo alitaka kubaki. Alininong'oneza kwamba mzee yule anashika watu kama anayeshika mayai. Nikamvuta shati, tukaondoka. Mwanangu, ulimi wangu siku hizo ulikuwa unatangulia, mimi nafuata nyuma nikiwa nimebeba hasara.

Klabu ya pili ilikuwa na kibao. Kibaoni kuna mtu anampiga chui teke. Ndani kulikuwa na kioo kirefu, nguo nyeupe, na mwalimu tuliyemwita Afande, ingawa baadaye tulijua kwamba huko kambini kwa wanajeshi alikuwa mpishi. Chini ilikuwa saruji iliyotandikwa mkeka. Wiki ya pili tu nikavishwa mkanda wa njano, nikalala nao. Ngoma ivumayo sana hupasuka, lakini nani anayekumbuka methali akiwa amefungwa mkanda wa njano?

Sasa sikia jambo moja, maana hapo ndipo kila kitu kiliposimama. Katika judo, mwenzako akikubana mkono au shingo na umefika mwisho, unamgonga kwa kiganja mara mbili. Maana yake basi, niachie. Hakuna aibu ndani yake. Lakini Afande alikuwa na sheria yake: mwanamume hagongi.

Jumamosi hiyo tulialika watu. Walikuja wanafunzi wenzetu, zikaja na familia za kambini, na safu ya pili alikaa msichana ambaye jina lake sikuambii, kwa kuwa una mdomo. Afande akanipanga na Thembo. Nikampata mkono, nikamlaza, nikakinyoosha kiwiko chake juu ya paja langu kama tulivyofundishwa. Thembo akanigonga. Mara mbili, hapa kwenye mguu. Nilisikia vizuri kama unavyosikia mlango wako ukibishwa.

Nikamtazama Afande.

"Bado! Kaza!"

Watu wakapiga makofi. Nikakaza. Ukapita mlio kama wa muhogo mkavu ukivunjwa.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mwingine. Afande alisema atapona, akaita jozi inayofuata.

Hospitali wakamfunga plasta kutoka begani mpaka kwenye vidole, wakasema miezi mitatu asinyanyue kitu. Miezi mitatu, na kiangazi kilikuwa kinaisha! Mama yake Thembo, mjane, alikuwa na mashamba ya chumvi ziwani Katwe, na kila likizo mwanawe ndiye aliyeyavuna. Chumvi isipotolewa kabla ya mvua, inarudi kuwa maji. Bila chumvi hiyo, Thembo asingerudi shule.

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya ninachokijua. Nikaigeuza hadithi. Bwenini nilikuwa nasimama kitandani, naigiza sauti ya Afande, bado, kaza, wenzangu wanashika mbavu kwa kicheko. Thembo alikuwa akigeukia ukutani.

Likizo ilipofika nikambebea sanduku mpaka Katwe, nikidhani nitasalimia na kuondoka. Tulimkuta mama yake amesimama ndani ya maji ya chumvi, yamefika magotini. Nikamsimulia yote, pamoja na sauti ya Afande. Aliniacha nikamaliza.

"Alikugonga?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi huyo Afande anatoka wapi? Mkono wa mtoto wangu ulikuwa kwako." Akanipa mtaimbo wa kubandulia chumvi. "Mvua iko njiani. Vua viatu."

Nikavua. Nilikaa likizo yote, Mwanangu. Chumvi ya Katwe haina adabu: ukiwa na mchubuko mdogo kama punje ya mtama, inaingia na kukaa kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Mama yangu Bwera alipopata habari kupitia dereva wa lori la chumvi, alituma jibu kwamba waniongezee kazi. Thembo alikuwa ukingoni, ananielekeza kwa mkono mmoja na maneno machache sana. Mvua ilipoanguka, shamba la mwisho liliyeyuka tukilitazama, lakini mengine tulikuwa tumeyamaliza. Thembo akarudi shule.

Mimi nikarudi kwa Papa Kasereka. Nilimweleza kila kitu, safari hii bila kuigiza. Hakunisema. Alinionyesha magunia, nikaanguka mwezi mzima, mbele, nyuma, ubavuni, mpaka makapi ya kahawa yakaanza kunukia hata kwenye uji wangu. Thembo alikuja kukaa karibu na mlango, plasta bado mkononi, akihesabu mara ninazoanguka. Siku niliyoangukia tumbo la fundi cherehani, alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu ile Jumamosi.

Plasta ilipotolewa hospitali, na Papa Kasereka akamruhusu, alivua viatu, akaja katikati ya magunia, akanyoosha mkono ule ule.

"Shika," akasema.

Nikaushika. Nikamlaza polepole. Nikahisi kiganja chake mguuni, nikaachia kwa haraka hata nikabingirika hadi ukutani.

"Wewe," Thembo akasema akiwa bado amelala, "sijagonga. Nilikuwa najikuna. Rudi ushike."

Nikarudi.

Basi, Mwanangu, ukitaka klabu, usitazame kibao wala mkanda. Nenda ukae ukutani, viatu miguuni, umtafute aliye mdogo kuliko wote mle ndani. Akigonga, tazama: anaachiwa mara moja, au yule aliyemshika anamwangalia mwalimu kwanza? Ukiona macho yanaenda kwa mwalimu, toka, hata kama umeshalipa. Majuto ni mjukuu, na mimi bado kijana, sihitaji wajukuu wa aina hiyo. Wewe hali kadhalika. Na siku mkono wa mtu utakapokuwa mikononi mwako, kwenye magunia au kokote, usingoje amri ya mtu wa tatu. Wewe ndiye uliyegongwa.

Nenda salama. Mungu akupe mgongo unaojua kuanguka, akupunguzie ulimi kidogo, maana ni wa ukoo, na akufanye mtu ambaye mwenzake anaweza kumpa mkono wake akafumba macho.