Nusu ya Ada ya Mthamini

Mama Sindano, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kuogopa karatasi, lakini barua ile ya mahakama ilimkosesha raha wiki nzima. Ndoa ilikwisha kuvunjwa. Kilichobaki kugawanywa kilikuwa nyumba. Hakimu aliagiza yeye na mtalaka wake watafute mthamini mmoja, wachangie ada yake nusu kwa nusu, kisha anayeitaka nyumba amlipe mwenzake nusu ya thamani itakayopatikana.

Mama Sindano aliitaka. Ndimo alimolelea wanawe, na ndimo kilimokuwa chumba cha kushonea kilichowalisha. Chama chake cha akiba kilikubali kumkopesha, ila kwa kikomo. Nusu ya thamani ikipita hapo, nyumba itauzwa kwa mtu baki.

Mtalaka wake, muuza rangi mwenye ulimi wa asali, alimpigia simu. Hakuna haja ya kujibana, alisema. Ada yote ataitoa yeye, mambo yaishe kiungwana. Dada mkubwa wa Mama Sindano, aliyekuwa akimsaidia kushona vifungo, aliona neema imeshuka.

"Pokea, mdogo wangu. Mtu hajawahi kukununulia hata uzi, leo anakulipia mtaalamu. Unangoja nini?"

"Hicho hicho ndicho kinachonitisha, dada. Mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Kwa siku mbili hakuinua kichwa. Alimaliza sare tisa za shule, akapeleka nusu yake ofisini kwa mthamini, na hakuondoka mpaka alipopewa stakabadhi yenye jina lake.

Mthamini, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuja asubuhi. Muuza rangi alimganda chumba kwa chumba, akisifia kuta kama baba anayemwoza binti. Mama Sindano alifuata nyuma, akihofia kwamba neno lolote atakalosema litaonekana hila. Katika chumba cha kushonea, majora ya vitambaa yalikuwa yameziba ukuta wa mwisho, kipimo kisifike. Muuza rangi akacheka, akasema chumba hicho alikijenga mwenyewe, urefu wake ni mita sita, mthamini aandike tu. Mthamini akaandika. Mama Sindano, aliyekuwa akiona haya kwa vurugu ya chumba chake, alinyamaza.

Ripoti ilitoka baada ya siku kumi, nakala mbili, kila mlipaji na yake. Aliifungua amesimama. Nusu ya thamani ilikuwa imepita kikomo cha chama. Akakaa juu ya rundo la mapazia ya mteja.

Dada yake alianza kuhesabu ndugu wenye chumba cha ziada. Yeye hakumsikia. Alirudi ukurasa wa kwanza, akasoma kwa kidole, taratibu, kama asomavyo vipimo vya mteja mgumu. Kidole kikasimama kwenye mita sita.

Aliondoa majora moja baada ya jingine, akatandaza utepe wake wa kupimia sakafuni. Mita nne na robo. Akapima tena, kwa kuwa fundi hapimi mara moja.

Alimpigia mthamini, akamweleza kipimo alichokipata. Akaulizwa yeye ni nani kati ya wale wawili.

"Ni yule mwanamke. Nililipa nusu."

Mthamini alisema kila aliyelipa ana haki ya kuhoji. Kesho yake alirudi, akapima mwenyewe hadi ukutani, midomo ameibana. Aliomba radhi na kupiga hesabu upya. Nusu ya thamani mpya ilishuka chini ya kikomo, kwa kiasi kisichotosha kununua hata mlango.

Jioni muuza rangi alipiga simu, asali yote imeisha ulimini.

"Ungeniachia nilipe ile ada, usumbufu huu wote usingekuwepo."

"Najua," alisema Mama Sindano.

Akakata simu, akaivuta fomu ya mkopo. Dada yake alimwandikia kiasi. Yeye alitia sahihi tu.