Malkia Aliyeliliwa Kibakwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa kukodi pale Makole, walikuwepo watu hawa. Mkurugenzi wa kikundi cha maigizo. Bi Tabu, msimamizi wa jukwaa. Yohana mpiga zeze. Waigizaji Hamisi na Sechelela. Na wadogo zangu watatu, Neema, Daudi na Esta, niliowakalisha benchi la nyuma kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuwaachia. Wazazi wetu walikuwa wametangulia wote wawili, na mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili wao wasiache. Nawataja wote kwa sababu hakuna aliyeuliza watoto wale wamefuata nini. Bi Tabu aliwapa karanga, akaendelea na kazi.

Tulicheza tamthilia za kale za mashairi, zilizotungwa zamani sana nchi za mbali na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mkurugenzi alinichukua kwa kuwa nilisoma masomo kanisani bila kukwama. Alinifundisha kugawa pumzi, yaani kujua mapema utavuta pumzi wapi ili mstari mrefu usikukatikie njiani. "Usiniimbie, binti," alikuwa akisema. "Ongea. Hata malkia huomba chumvi kwa jirani."

Watazamaji wetu walikuwa wanafunzi wa vyuo na watumishi wa serikali, watu wenye haraka na simu mkononi. Mkurugenzi akaanza kupunguza. Alifupisha hotuba, kisha akaondoa korasi, lile kundi linaloimba na kuomboleza pamoja kila linapotokea jambo kubwa. Alisema mtazamaji wa leo hasubiri. Sechelela, aliyekuwa akiongoza korasi, alimuuliza kama na yeye siku yake ikifika tumzike kwa nusu saa.

Baadaye mfadhili wetu akachoka. Alimtuma mjumbe atazame onyesho moja tu, la kijijini, Kibakwe. Likishindikana, kikundi kivunjwe. Neema alikuwa ndiyo kwanza amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na nyumbani hapakuwa na mshahara mwingine ila wangu. Nilipanda ile milima ya Mpwapwa nikiwaza hilo tu.

Tulicheza alasiri, uwanja wa shule. Nilikuwa malkia anayekunywa sumu asiuone mji wake ukitekwa. Nikanywa, nikaanguka. Hamisi alitakiwa kuingia papo hapo na habari za vita. Alisema mstari mmoja tu. Mama mmoja alikuwa ameinuka na kuja hadi mbele.

"Wewe kijana, subiri. Mwenzetu amekufa sasa hivi, wewe unatuletea habari za askari? Hana ndugu?"

"Shikamoo, mama," Hamisi akasema. "Alikuwa nao."

"Marahaba. Wako wapi?"

"Walipunguzwa."

Watu wakacheka, lakini yule mama hakucheka. Alisema malkia halali uso wazi mbele ya wanaume, akafungua kanga yake ya juu, akanifunika kichwa hadi miguu. Wanawake wakaja kuketi chini kunizunguka, mmoja akaanzisha wimbo wa msiba kwa Kigogo, wengine wakapokea. Zeze la Yohana likawafuata. Mimi, chini ya kanga iliyonuka moshi wa kuni, nililia kweli. Siku tuliyomzika mama yetu nilikuwa na Esta mgongoni na sufuria motoni. Sikupata nafasi ya kulia.

Walipomaliza, yule mama alimwambia Hamisi kwamba sasa anaweza kusema habari zake. Alizisema zote, ndefu kama zilivyoandikwa, na hakuna aliyeondoka. Mjumbe wa mfadhili alimwambia Mkurugenzi kwamba hilo ndilo atakalolipeleka mjini. Kikundi kikabaki. Neema akaenda chuo. Leo ni muuguzi. Na Mkurugenzi, kabla hatujafika Mpwapwa mjini, alikuwa amemwomba Sechelela airudishe korasi.

Nilipomrudishia yule mama kanga yake, aliniambia anaitwa Mama Ndahani. "Msiba ni deni, mwanangu," akasema. "Leo tumekulilia. Na ninyi mje mtulilie, mje na hao ndugu wenu wote." Nikamwambia tutakuja.

Nilimcheza malkia yule hadi magoti yalipokataa kuanguka. Tulimlilia kila mahali, hata mbele ya wenye haraka, na wengi wao waliweka simu chini. Nawashukuru. Sasa nimestaafu, nakaa Nzuguni, na waigizaji vijana huja kuniuliza mambo ya kale yachezwe vipi kwa watu wa leo. Nawaambia wagawe pumzi, na mtazamaji akiinuka wamsikilize kwanza.

Kibakwe hatukurudi. Mwaka mmoja barabara ilikuwa mbovu, mwaka mwingine safari ilielekezwa kwingine, mpaka korasi yetu ikazeeka. Habari za kifo cha Mama Ndahani zilinifikia matanga yakiwa yameshaanuliwa. Alizikwa na waliotulilia, na sisi hatukuwepo.