Machozi ya Mfugaji

Mfugaji huyo alituita sote "citoyen", yaani mwananchi, kwa kuwa hakuwahi kujifunza majina yetu. Ng'ombe wake arobaini aliwaita mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mikono yake ilinuka dawa ya kupe hata kanisani, na kwenye kila mkutano wa cité, mtaa wetu, aliipunga hewani: "Ng'ombe yangu ni ya batu bote."

Jirani yake, mchimbaji wa mgodi wa Musonoi, alipofariki, tulimkumbusha maneno hayo, akamtoa Kapinga, jike lake jeupe, achinjwe. Baada ya maziko alilia kuliko mjane. Tukamsifu kwa upendo wake, mpaka tuliposikia analitaja jina la Kapinga. Mjane akamletea sahani ya nyama.

"Jikaze, tata. Wangu tulisha kumuzika. Utusaidie kuzika wako."