Kitanda cha Samweli

Aibu hii nimeificha miaka mingi, hata mke wangu kaisikia nusu tu, lakini kabla sijafika huko Samad, huku Oman, itabidi nianze na paka, maana bila ya paka hamtanielewa.

Nilipokuwa mdogo, Unguja, tukikaa Kikwajuni kwa shangazi yake baba, Bi Zuwena, mwanamke mnene, mcheshi, na katika nyumba yake mlikuwa na chumba kimoja halali mtu. Ndani kitanda kimetandikwa shuka nyeupe pe, chandarua cheupe, mto mweupe, na kila Alkhamisi baada ya alasiri Bi Zuwena huingia na chetezo cha udi na mrashi wa marashi mawaridi, akafukiza, akanyunyiza, akazungumza kidogo, akatoka akafunga. Siku moja mlango ukasahauliwa wazi, paka akaingia, na mimi nyuma yake na miguu yangu ya matope (tulikuwa tukicheza mtaroni, msiniulize), nikapanda juu ya kitanda kumkamata mkia. Bi Zuwena akanikuta juu ya kitanda. Nikasema leo nimekufa. Hakunipiga, wala hakunitazama. Alipiga magoti, mtu mzima yule, akakiambia kile kitanda: "Tusamehe, bwana. Mtoto huyu, hajui." Akanyamaza kama mtu anayesikiliza jibu. Kisha akasema, "Ahsante."

Ndiye rohani huyo. Kwetu, mtu akiwa na rohani, yaani jini mpenda usafi na harufu nzuri, humwekea chumba chake na kitanda chake cheupe, na mwengine halali. Mimi tangu siku ile shuka nyeupe siiwezi, na nyumbani kwangu mtakuta za maua, za mistari, za kila rangi, na mke wangu akitaka kuniudhi hunambia, "Nassor, kesho natandika nyeupe!" akenda zake akicheka.

Basi. Shule sikusoma, juzuu chache na madarasa ya chini, lakini gari nikiijua kuliko jina langu, na Oman ilipofunguka tukaitwa wenye asili ya huku, nikaja, na Kiarabu changu cha kuombea maji. Wenyewe wakiniita Zinjibari na wakinicheka kila nikifungua mdomo. Nikapata kazi Samad, udereva na kutazama nyumba, kwa Wazungu wawili, mume na mke. Mume, Mista Yohan, mrefu, mkimya, kazi yake kupima maji ya visima na mafalaji, ile mifereji ya mashamba. Mke, Bibi Ruti, baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa huko Ugogo, Tanganyika, naye kazaliwa huko, kwa hivyo Kiswahili anakijua, lakini cha bara, cha misheni. Na hicho Kiswahili ndicho kilichoniponza.

Walikuwa watu wa dini yao kwelikweli. Hawatii tonge mdomoni mpaka washikane mikono wafumbe macho, na Bibi Ruti, kwa kuwa sala kafundishwa utotoni na yaya wa Kigogo, akisali kwa Kiswahili. Siku zangu za mwanzo nilikuwa naweka sinia mezani nikamsikia anasema kwa sauti ya kubembeleza, "Ee Bwana, tunakuomba utupe mtoto wetu." Mimi nikajua anamwambia mumewe! Nikaona haya, nikaacha wali pale pale, nikatoka uani nikajifanya nafuta gari. (Nilifuta gari ile ikang'ara, maana sikujua mazungumzo yale yatachukua muda gani.)

Sasa nawaambieni mapema msije mkapotea. Watu hawa Mungu hakuwajaalia uzazi, na walikuwa wakingoja kupanga mtoto, ndivyo tunavyosema sisi, kumchukua yatima wamlee awe wao. Alikuwa Seloni, katika nyumba ya mayatima, na jina walikwisha kumtilia, Samweli, jina la mtoto wa bibi mmoja katika kitabu chao aliyelia kwa Mungu mpaka akapewa. Mambo yenyewe yalipita serikali hii na serikali ile, na mwisho lazima aje mtu kutoka kwao, Uzunguni, aione nyumba na aseme ndiyo au siyo. Haya nayajua leo. Wakati ule mimi nilichokiona ni chumba.

Chumba kidogo, upande wa mitende. Kitanda kidogo, shuka nyeupe pe, chandarua cheupe, na chini ya kitanda makubadhi madogo ya ngozi waliyoyanunua katika suku, soko la Nizwa. Na halali mtu. Nilipokiona miguu yangu ilikuwa kama bado ina matope.

"Bibi Ruti," nikamuuliza, "kitanda hiki cha nani?"

"Cha Samweli. Mtoto wetu."

"Yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo," akasema, na macho yakamjaa maji. "Tunaomba tu avuke."

Sasa mimi ni mtu wa Kikwajuni, Ng'ambo ya mji wa Unguja ndiko nilikozaliwa, unavuka daraja tu. Kwa watu wa bara ng'ambo ni nchi za nje. Lakini kwa yale machozi mimi nikafahamu ng'ambo nyengine, ile ambayo mtu akishavuka harudi. Sikuuliza tena. Ningeuliza mara ya pili, leo nisingekuwa na la kuwahadithia.

Kila siku kabla ya magharibi wanaingia wote wawili, wanakaa chini sakafuni, wanakizungumzisha kitanda. "Samweli, leo baba kapata maji Mudhaibi." "Samweli, mbuzi wa Mzee Khalfan kala ile fulana yako ya kijani, usikasirike, tutakushonea nyengine." Wanacheka. Kisha sauti zinashuka, Bibi Ruti anasali, "Mlete, ee Bwana, umtoe gizani," na mimi jikoni nywele zinanisimama, maana chumba kile, wallahi, baada ya "mlete" kilikuwa kikinyamaza kwa namna ambayo chumba kitupu hakinyamazi.

Tena kuna yale makubadhi. Asubuhi Bibi Ruti anayapanga chini ya kitanda. Adhuhuri, mume yuko kazini, mke kajilaza, Samad nzima imelala kwa jua, hata kuku hasikiki, mimi napita kufunga madirisha kwa ajili ya vumbi, nayakuta mlangoni. Yameelekea ndani, sawasawa, kama mtoto kayavua sasa hivi kaingia. Siku ya kwanza nikasema upepo. Siku ya pili hapakuwa na upepo. Sikuyagusa. Tangu hapo nikawa nafunga dirisha kwa nje, kwa ufito.

Ikaja siku yenyewe. Asubuhi Bibi Ruti alikuwa hatulii, anafuta alipokwisha kufuta, akanishika mkono (hajapata kunishika mkono). "Nassor, leo anakuja mtu wa kumleta Samweli. Akisema ndiyo, anavuka. Akisema hapana, ndiyo tumempoteza, hatutapata tena."

Mtu wa kumleta! Nikajua mganga. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu, kosa dogo kama punje, kwa nia njema: nikasema, roho yule katengewa kitanda cheupe lakini hajapata kufukiziwa hata siku moja, Wazungu hawajui, na leo anaitwa na mgeni, akija kwa hasira je? Bora nimpe ubani kidogo nimuombe radhi kwa niaba ya nyumba, kama Bi Zuwena. Nikenda kwa Mzee Khalfan, jirani yetu, nikaazima chetezo na mrashi wa mkewe. Nikavua makubadhi yangu kwenye ngazi za baraza, nikazunguka jikoni nikachukua makaa, nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kumbe, nilipokuwa kwa Khalfan, Mista Yohan karudi na mgeni wake mapema, na mgeni kaomba kabla ya yote akione chumba, akae humo peke yake.

Nikasukuma mlango kwa mguu, chetezo mkono huu, mrashi mkono huu. Na kitandani pamekaa kitu.

Kidogo. Cheupe chote, kuanzia shingoni mpaka miguuni, na nywele nyeupe, kimekaa kimya ndani ya chandarua, kinapapasa mto. Kikageuza uso taratibu kikanitazama, kikatabasamu, kikasema neno katika lugha nisiyoijua.

Niligonga magoti sakafuni nikasikia yanalia. "Tusamehe, bwana!" nikapiga kelele. "Watu hawa, hawajui!" Na huku mkono wenye mrashi unafanya kazi peke yake, namnyunyizia, namnyunyizia, usoni, machoni, kinywani, na yeye akapiga ukelele, ukelele wa mtu kabisa, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukitupa chetezo na niko barabarani, kichwa wazi, "Jini! Jini ndani ya nyumba!"

Watu wakatoka mitendeni. Nusu wakakimbilia nyumbani kwetu na ndoo za maji ya falaji kwa kuwa wameona moshi, nusu wakakimbilia kwao kwa kuwa wamenisikia. Chandarua kilikuwa kimeshika moto. Wakakizima kwa ndoo, na ndoo za mwanzo, kwa kiwewe, zilimwagwa kitandani na aliyekuwamo. Akatolewa akichuruzika maji, bibi kizee wa Kizungu, mdogo, kashika pochi yake kifuani.

"Mo sawwet, ya Zinjibari?" Mzee Khalfan ananiuliza, umefanya nini wewe, akamtazama mgeni, akanitazama mimi. "Jini gani huyu avaa miwani?"

Samad ikacheka. Wanawake juu ya mapaa, wanaume njiani, mpaka mtu mmoja akakaa chini kabisa kwenye vumbi. Lakini mimi nilikuwa namtazama Bibi Ruti. Yeye hakucheka. Alikuwa mlangoni kashika shuka iliyoungua, uso wake mweupe kuliko hiyo shuka, na hapo tu ndipo nilipofahamu kwamba yule mwenye kuchuruzika maji ndiye wa kusema ndiyo au siyo.

Tukakalishwa barazani. Mgeni kafungwa taulo kichwani. Akasema kitu, na Bibi Ruti akanitafsiria: "Anauliza ulikuwa unazungumza na nani."

"Mwambie na Samweli."

"Anauliza Samweli umemjuaje."

Nikaeleza yote, uongo utanisaidia nini tena. Kwamba wanakaa naye kila jioni. Kwamba wanamhadithia visima. Habari ya mbuzi na ile fulana. Kwamba mezani kuna kiti chake. Kwamba mimi namuogopa kwa sababu nyumbani humo yeye yuko kuliko mimi. Bibi Ruti alitafsiri mpaka kwenye mbuzi akashindwa, Mista Yohan akamalizia.

Bibi kizee akavua miwani akaifuta kwa taulo, kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja, na hilo sikuhitaji kutafsiriwa, maana Bibi Ruti alimwangukia mumewe begani akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, naye mume akawa anasema tu, "Samweli, Samweli." Kahawa ikaja. Hata Khalfan akaomba halwa.

Na mimi nikashusha pumzi. Nikasema nimeaibika lakini mtoto anakuja, nitachekwa miezi miwili mitatu, yatapita. Laiti yangeishia hapo.

Bibi Ruti akafuta macho akanijia. "Nassor, ulitutia roho mkononi leo. Lakini mimi na Yohan tunajua wewe unampenda Samweli, hatukukwambia tu. Yale makubadhi."

"Makubadhi gani, bibi?"

"Unavyomwekea mlangoni kila mchana, kama kaingia. Nikiamka nikiyaona, moyo wangu unapoa."

"Bibi," nikasema, "mimi sijapata kuyagusa."

Akamgeukia mumewe. Mista Yohan akatikisa kichwa. Tukatazama mlango wa chumba, sote watatu: sakafu maji matupu, alama za miguu ya watu wa Samad kila mahali, na makubadhi hayapo. Si mlangoni, si chini ya kitanda.

Nikageuza macho kwenye ngazi, nilipovua yangu.

Yalikuwa pale. Makavu. Yamepangwa ubavuni mwa yangu, kubadhi kwa kubadhi, yameelekea njiani, kama ya mtoto anayemngoja mtu mzima watoke pamoja.

Niliweka ufunguo wa gari juu ya meza, taratibu, usilie. Nikaruka ukuta wa baraza upande wa pili, miguu mitupu, changarawe za mchana zinaunguza, nikashika njia ya Mudhaibi. Bibi Ruti aliniita kwa jina langu, kisha akaniita tena. Sikugeuka. Nilikwenda zangu, na Samad sijarudi mpaka leo, hata kufuata makubadhi yangu.