Mkurugenzi Mpenda Barua

Mwaka 2015 tulikuwa na rafiki mkubwa: mkurugenzi wa jumba la sanaa huko Columbus, Marekani. Simu hataki, imeili hataki. Yeye ni barua tu, kwa mkono, karatasi nene kama chapati. Alituita "familia ya waandishi", sisi wa Riverside, Buffalo, tunaobeba maboksi ghalani mchana kutwa. Si uongo, lakini. Baba aliandika michezo ya kuigiza tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, na mama alitunga nyimbo za kwaya. Basi mkurugenzi akaazima mchezo wa mwisho wa baba, nakala pekee, auonyeshe kwa muda mfupi. Muda mfupi wa wakubwa, mnaujua.

Moyo wa baba ulikuwa umechoka. Vijana wa kanisa la mjomba, Louisville, walitaka kuuigiza mchezo ule siku ya Pasaka, na baba alitaka jambo moja tu: auone kabla hajafa.

Mama akaandika. Mkurugenzi alikuwa amemsihi atumie Kiswahili, "kutoka moyoni", ati mfasiri yupo. Haya. Barua ya kwanza mama alimsalimia, akauliza hali ya wazazi na watoto wake. Ya pili akagusia Pasaka. Asiyejua maana haambiwi maana. Ya tatu akasema waziwazi. Majibu yalikuja, matamu ajabu: habari za theluji, na "maneno yako yamenigusa."

"Yamemgusa wapi?" mama aliuliza.

Pasaka ilipokaribia, badala ya mchezo tukaletewa mwaliko. Tukamfunika baba blanketi garini, tukaenda Columbus. Lo! Barua za mama zilikuwa ukutani, ndani ya fremu, na wageni wenye glasi za mvinyo wakisifu mwandiko. Mchezo wa baba ulikuwa chini yake, ndani ya sanduku la kioo.

Mkurugenzi akaniomba niwafasirie barua moja. Kwa hasira nikachagua ya tatu, nikaisoma kwa Kiingereza: "Mume wangu anaumwa. Turudishie mchezo wake auone ukiigizwa angali hai."

Wakapiga makofi. Haki ya Mungu, wakapiga makofi!

"Wanashangilia nini?" mama aliuliza. "Wanaturudishia?"

Mkurugenzi, machozi yakimlengalenga, akamshika mama mikono yote miwili, akasema jambo hili ni zito, atatuandikia barua. Nikamweleza baba. Alikuwa ameegemea kioo, anausoma ukurasa mmoja ulioachwa wazi.

"Mwambie aandike upesi," alisema.